Chakula Kilichoachwa Kwenye Mawe

Dada zangu wa kanisani wamekuwa wakinisukuma niandike haya, nami nimekuwa nikikwepa, maana ushuhuda wangu hauna kishindo. Sikuinuliwa kutoka kitanda cha mauti. Sikupata makaratasi kwa muujiza. Nilichopewa ni kutembea. Kutembea tu, taratibu, kwenye njia tambarare, katikati ya mawe ya kale kwenye nyika ya Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kama unatafuta habari za moto kushuka kutoka mbinguni, utanisamehe. Lakini kama unafanya kazi kama yangu, na siku hizi ukirudi nyumbani unalala na sare mwilini bila hata kuvua soksi, kaa kidogo tuongee.

Nimezaliwa Mwanza, nikakulia Igogo, kwenye vile vilima ambavyo nyumba zimebanana na miamba. Nyumba yetu iliegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mama alianika dagaa juu yake, sisi watoto tulitelezea mpaka kaptula zikatoboka, na jioni jiwe lilikuwa bado na joto la jua, unaegemeza mgongo unasoma. Kwa hiyo kwangu jiwe lilikuwa kitu cha kutumia. Habari ya mtu mzima kufunga safari kwenda kutazama jiwe ningeisikia nikiwa mtoto, ningecheka.

Nilipofika Uingereza nilibeba boksi kama wenzangu, kisha nikaingia kwenye kazi ya kutunza wazee, sisi tunaiita kea. Nikahamia Plymouth. Pale Plymouth, siku mawingu yakiinuka, ukitazama kaskazini unaiona Dartmoor imelala kwa mbali, kahawia, haina miti juu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, kilomita za mraba 954 za nyasi, tope jeusi na vilima vyenye mirundo ya mawe kileleni. Niliishi chini yake miaka bila kuweka mguu.

Sababu nilikuwa nazo, na nitazisema zote. Ya kwanza ilikuwa dharau. Niliwaona Wazungu Jumamosi wamevaa mabuti na vifuko mgongoni, wanakwenda kutembea halafu wanarudi walikotoka, nikasema moyoni kwamba hawa wameshiba. Mtu aliyetembea utotoni kufuata maji hawezi kutembea kwa raha. Ya pili ilikuwa hofu, na hii ilivaa nguo ya imani. Katika mji nilioishi kabla ya Plymouth kulikuwa na mtumishi aliyefundisha kwamba mawe yaliyosimamishwa kwa duara ni madhabahu za mashetani, na anayekanyaga pale anarudi nyumbani na kitu kimemfuata. Sikumwuliza amejuaje. Nikalipokea fundisho lake, tena nikalibeba, nikawa mimi ndiye ninayewakanya wenzangu. Kuna binti wa kazini alitaka kwenda na marafiki zake kuona mawe hayo, nikamtisha mpaka akaghairi. Namwomba msamaha hapa, popote alipo.

Ndipo ikaja Korona.

Mwezi Machi 2020 nyumba yetu ya wazee ilifunga milango. Ndugu wa wazee walisimama nje kwenye maua, wakapunga mikono dirishani. Wazee walitakiwa wabaki kila mtu chumbani kwake, nasi tukapewa utaratibu: unaweka sinia mlangoni, unagonga, unarudi nyuma, unasubiri. Palikuwa na bibi mmoja aliyewahi kufundisha muziki. Akimaliza kula alikuwa anagonga sahani kwa kijiko, mapigo matatu kisha moja, ndiyo nijue amekula. Mwezi Aprili akaacha kugonga. Kabla ya hapo, wakati bado tunakaa kitandani kwake tukizungumza, aliniomba akifa nimchane nywele, kwa sababu alikuwa na nywele nzuri na alijua ana nywele nzuri. Alipofariki haikuwezekana. Walikuja watu wawili wamefunikwa mwili mzima, wakamtia kwenye mfuko wenye zipu, wakaondoka naye. Kitana kikabaki mfukoni mwangu.

Alhamisi usiku majirani walitoka milangoni kutupigia makofi sisi wahudumu. Nilizima taa nikajificha nyuma ya pazia.

Wengi waliopita hapo wanajua kilichofuata, maana hakikuja siku ile. Wakati wa shida nilifanya kazi vizuri tu. Ni baadaye, barakoa zilipoanza kuvuliwa, ndipo nilipogundua kuna kitu ndani kimeganda. Nilikula nimesimama. Nililala saa mbili tatu, nikaamka na kukaa ukingoni mwa kitanda. Mama alipiga simu kutoka Mwanza, nikaiangalia inaita mpaka ikakata. Kanisani nilikuwa naimba, naombea wengine kwa sauti, lakini nikiwa peke yangu magotini sikuwa na neno hata moja. Na nikawa mkali. Wazee sikuwahi kuwakaripia, nashukuru Mungu kwa hilo, lakini wenzangu wa kazi walinionja.

Aliyenionja zaidi alikuwa mpishi wetu. Nitamwita mama wa jikoni. Ni Mwingereza wa makamo aliyezaliwa Tavistock, mji mdogo ulio ukingoni mwa Dartmoor, mwenye goti bovu linalomfanya ashuke ngazi kwa upande. Siku moja chakula cha kusagwa cha mzee mmoja kilikuja na vipande, nikaenda jikoni nikamfokea mbele ya watu. Maneno niliyotumia siyarudii. Hakunijibu. Jioni ya siku hiyo hiyo, nilipotoka zamu, nilikuta sahani yangu imefunikwa kwenye oveni kama kawaida, na kijikaratasi chenye jina langu. Sahani ile iliniudhi kuliko kama angenitukana.

Presha ilipopanda, nesi wa kliniki aliniambia nianze kutembea. Nikaitikia vizuri, nikatoka, nikapanda basi kwa kituo kimoja.

Mama wa jikoni alisikia, sijui kwa nani. Akaniambia yeye huenda nyikani siku zake za mapumziko, na kwa sababu ya goti anazijua njia zote zisizo na mlima. Nikasema nina kanisa. Akaja tena wiki nyingine, nikasema nimechoka. Mwishowe Jumamosi moja akaja na gari lake mpaka mtaani kwangu, akapiga honi. Majirani wakachungulia. Nikashuka na raba za kwenda sokoni na koti la kanisani. Nataka ieleweke kwamba sikwenda kwa imani. Nilikwenda kwa kuona aibu.

Mahali alikonipeleka panaitwa Merrivale, kando ya barabara itokayo Tavistock kwenda Princetown. Unaegesha gari chini ya miti michache, palipokuwa na shule zamani, na kwa mwendo wa dakika chache umefika. Hakuna geti, tiketi wala mlinzi. Ardhi ni tambarare, nyasi fupi zilizotafunwa na kondoo, na kondoo wenyewe wana alama za rangi mgongoni ili kila mfugaji awajue wa kwake. Farasi wadogo wenye manyoya marefu walituangalia bila haraka. Juu yetu kuna ndege alikuwa anaimba bila kuonekana. Ni kipozamataza, nilikuja kumjua baadaye.

Halafu nikainua macho, nikaona vilima. Kule kileleni kulikuwa na miamba imepandiana, mingine imekaa juu ya mingine kana kwamba itadondoka, na haidondoki. Nikasimama. Nilikuwa natazama Mwanza. Si kwa kufananisha, nasema ni kitu kile kile: mawe ya itale, yaliyopasuka ardhini yakiwa bado yamefukiwa, mwamba wa pembeni yake ukaoza na kuondoka, yakabaki yamesimama wazi. Ya Dartmoor yana umri wa takriban miaka milioni 280. Ya kwetu ni makongwe zaidi kwa mbali, yamepita miaka bilioni 2. Siku ile sikujua hesabu hizo. Nilijua tu kwamba magoti yangu yaliyatambua mawe yale, na nikawa na hamu ya kuliegemea moja. Miaka yote ile nilikuwa nimeikwepa ardhi yenye sura ya nyumbani.

Mawe ya kale yenyewe yalinivunja moyo mwanzoni. Nilitegemea kitu cha kutisha. Nilichoona ni vijiwe, vingi havifiki magotini, vimechomoza kwenye nyasi kama meno ya mtoto anayeanza kuota. Lakini tulipoanza kutembea kandokando yake nikaona havikuzagaa ovyo. Vimepangwa viwili viwili, mstari mwembamba unaokwenda na kwenda. Na kuna safu mbili za namna hiyo, sambamba, kutoka mashariki hadi magharibi, na katikati yake unapita mfereji mdogo wa maji. Safu ya kusini inazidi mita 250. Zilipangwa kati ya mwaka 2500 na 1000 kabla ya Kristo, zama ambazo watu wa huku walijifunza kuchanganya shaba na bati. Mbele kidogo kuna duara la mawe mafupi, na pembeni yake jiwe moja limesimama peke yake, refu kupita mtu, zaidi ya mita tatu. Upande wa barabara imebaki misingi ya nyumba zao, na hizo zilikuwa za msonge. Bibi yangu kijijini aliishi kwenye msonge.

Sikukanyaga ndani ya duara. Nililizunguka kwa mbali, nakemea kimoyomoyo. Mama wa jikoni aliona, hakuuliza.

Tulirudi kwenye safu, akakaa juu ya mwamba kupumzisha goti, akaniambia kwamba zamani watu walipaita mahali pale Soko la Tauni. Miaka ya 1620 tauni iliingia Tavistock, watu wa mji wakatengwa. Kwa simulizi alizozikuta kwao, wakulima wa huku juu walileta vyakula wakaviacha kati ya mawe haya, kisha wakaondoka. Wenye wagonjwa wakaja baadaye, wakachukua, wakaacha pesa.

Nikamwuliza: "Waliweka chini, halafu wakarudi nyuma?"

"Ndiyo. Wakarudi nyuma."

Nikakaa kwenye nyasi mbichi na koti langu la kanisani. Sijui nilikaa vipi, nakumbuka tu unyevu ukipenya. Nikamwambia habari ya sinia, ya kugonga mlango, ya bibi wa muziki na kijiko chake. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipofika kwenye kitana nikashindwa kuendelea.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho, kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hakikuwahi kunipitia akilini. Alisema: "Sahani zile nilizipakua mimi. Wewe uliona nani anakula. Mimi niliona zinazorudi tu. Asubuhi naambiwa leo pakua pungufu, siambiwi ni nani."

Ndugu yangu unayesoma, mimi ndiye niliyemfokea mwanamke huyu kwa sababu ya vipande kwenye chakula. Nilidhani msiba ule ni wangu peke yangu na wa Mungu, na Mungu mwenyewe nilikuwa nimeshamnunia. Kumbe jikoni, upande wa pili wa mlango, palikuwa na mtu anahesabu sahani. Nililia pale mpaka kwikwi. Hakunishika, hakuniambia pole. Alifungua chupa ya chai, akanipa kikombe, akasema kina sukari nyingi.

Usiku ule nilijilaza nikisubiri hicho kitu kilichonifuata. Nililala mpaka asubuhi.

Ingekuwa vizuri niseme kuanzia hapo kila kitu kilinyooka. Haikuwa hivyo. Kesho yake nilitubu kwa kwenda kwenye mawe. Nilitubu kweli, kwa machozi, nikaahidi sirudi. Wiki iliyofuata nikarudi. Nikawa mtu wa namna hiyo kwa muda, naenda Jumamosi natubu Jumapili, mpaka nikajichoka nikaamua kufungua Biblia yangu mwenyewe badala ya kukariri mahubiri ya mtu. Nikamkuta Yakobo kule Betheli akisimamisha jiwe alilolifanya mto wa kulalia. Nikamkuta Yoshua akiamuru mawe kumi na mawili yatolewe Yordani yawekwe Gilgali, ili watoto wakija kuuliza waambiwe. Nilikuwa nimesoma habari hizo tangu shule ya Jumapili. Sisemi mawe ya Merrivale ni matakatifu. Walioyapanga hawakuacha maandishi, na siwezi kuwasemea walimwomba nani. Lakini ukoo wa watu kubeba mawe mazito na kuyapanga kwa mstari mnyoofu kiasi kile, vizazi kwa vizazi, si mchezo, na mimi niliwaita wote mashetani bila kuwahi kufika.

Kulegea nako kulikuja. Majira ya baridi giza linaingia saa kumi jioni, mvua inanyesha kwa kulala, na kitanda kinaita. Kuna majuma nilizima simu ili mama wa jikoni asinipate. Hakukasirika. Alipiga honi nyumbani kwangu siku jua lilipotoka, kama vile hatujaachana.

Siku moja nilikwenda peke yangu kwa kiburi, kwamba sasa nimekuwa mwenyeji. Nikiwa mwisho wa mashariki wa safu ukungu ukashuka. Wa Dartmoor hautoi taarifa. Unaona kilima, ukigeuka hakipo. Nilizunguka mara mbili tatu kutafuta gari, nikajua nimepotea mahali ambapo mtoto hapotei. Kilichonisaidia ni vile vijiwe. Nikakiona kimoja, nikakigusa, nikasubiri jicho lizoee mpaka nikakiona cha pili, nikaenda navyo hivyo kimoja baada ya kingine, nikirudi magharibi, mpaka nikasikia magari upande wangu wa kulia, ndiko barabara iliko. Nikawashukuru kwa sauti watu ambao nilikuwa naogopa kuwataja. Tangu siku hiyo natembea na ramani ya karatasi, dira na filimbi, hata kama ni kwa nusu saa, maana simu kule mara nyingi haishiki mtandao.

Nieleze kidogo tunakokwenda, kwa anayetaka kuanza na ana goti, presha au mwili mzito kama wangu. Merrivale kwanza. Ukifika litafute kaburi lililo kusini kidogo ya safu: ni sanduku la mabamba ya mawe ardhini, na kifuniko chake kimekatwa katikati, pande mbili zimebaki na pengo kati yake. Karne ya 19 mtu alihitaji nguzo ya geti, akaona jiwe zuri, akalichonga pale pale. Nililichukia tendo hilo mpaka nilipokumbuka dagaa za mama. Belstone, kaskazini ya nyika, kuna duara dogo liitwalo Wasichana Tisa. Hadithi inasema waligeuzwa mawe kwa kucheza ngoma Jumapili. Ukiyahesabu unapata zaidi ya kumi. Nadhani wengine walikuwa watazamaji, maana hata kwetu ngoma ya Jumapili haikosi watazamaji.

Na Grimspound. Pale unapanda kidogo kutoka barabarani, lakini kuna ngazi za mawe, na ukipumzika katikati unafika. Ni boma la Zama za Shaba, ukuta wa mawe yasiyo na udongo wala saruji umezunguka mabaki ya misonge 24. Wachunguzi walichimba mwaka 1894, wakakuta majiko na majivu. Msonge mmoja bado una kibaraza cha mawe kilichopinda ili upepo usiingie ndani. Niliinama nikapita mlangoni, nikakaa mahali ambapo mwanamke fulani alikaa na moto wake zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, nikagundua kweli upepo hauingii. Aliyeupanga mlango ule alikuwa na mtoto wa kumkinga, au mama mzee.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote sijakiona kwa macho, nilisimuliwa na mama wa jikoni tukiwa tunakula mikate njiani. Mwaka 2011, juu ya kilima cha Whitehorse Hill, kaskazini ya Dartmoor, wataalamu walifungua kaburi la sanduku la mawe ambalo tope lilikuwa limelihifadhi. Ndani palikuwa na mifupa iliyochomwa ya kijana, imefungwa kwenye ngozi ya dubu. Pamoja nayo kulikuwa na kikapu, bangili ya kusuka yenye vishikizo vya bati, kitambaa cha nyuzi za upupu wa huku kilichopambwa kwa ngozi ya ndama, na shanga karibu 200. Vina umri wa miaka takriban 3,700. Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni, nikashindwa kumeza. Mtu alimfunga kijana yule. Alichagua ngozi, akapanga shanga, akaweka kikapu, akafunika. Alipewa nafasi ya kufanya vyote ambavyo mimi sikuweza kumfanyia mwalimu wangu wa muziki.

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilikitoa kitana kwenye droo. Nikapiga magoti. Maneno yalikuja, si mengi, na si mazuri, lakini yalikuwa yangu. Nilimwambia Mungu kwamba nilimkasirikia na sikuwa nimesema. Nikamwomba amchane nywele yeye, kwa kuwa mimi nilizuiwa. Wanaojua kuomba wataniona mjinga. Ndiyo sala iliyonifungua.

Mama yangu sasa napokea simu zake. Nilimpigia ya video nikiwa Merrivale, nikazungusha simu aone. Akatazama kimya, halafu akasema, "Mwanangu, umekwenda Ulaya kutazama mawe? Huku yameisha?" Kisha akaona mirundo ya kileleni, akasogeza uso kwenye simu. "Hilo la kushoto kama letu. Mbona hawajajenga juu yake?"

Presha bado ninayo, dawa nameza. Usingizi umerudi kwa sehemu kubwa. Kuna usiku bado nakaa ukingoni mwa kitanda, ila sasa najua nitamwambia nani kesho. Mama wa jikoni nilimwomba radhi kwa yale ya siku ile, tukiwa garini, naangalia mbele. Akasema alishasahau. Hakusahau, nilimwona alivyoshika usukani, lakini alinisamehe. Sikufanya lolote la kustahili mtu wa namna ile anipigie honi.

Sasa tunakwenda kikundi, dada wa kanisani kwetu wanaofanya kea na wauguzi wawili wa hospitali, Watanzania, Wakenya na Mkongo mmoja anayeogopa kondoo. Anayetaka kuja avae soksi ndefu na suruali iliyotiwa ndani ya soksi, kwa sababu kwenye majani marefu kuna kupe kama kwetu, nao huku pia wana ugonjwa wao. Aje na koti la mvua hata kama jua linawaka, na asiguse jiwe kwa nia ya kulihamisha. Chapati tunachangia. Mama wa jikoni hula tatu na kusema ni mbili.

Mwezi ujao ni Grimspound. Mama mchungaji, ambaye alikuwa mgumu kuliko mimi, amekubali kuja kwa sharti moja, kuwe na choo karibu. Choo hakuna. Bado hatujamwambia.